Maneno Yasiyopigiwa Kelele

Kwenye kadi ya Bi Hasina palikuwa na namba moja tu ya simu, nami nilikuwa nimeipiga mara tisa. Mara zote tisa niliambiwa na ile sauti ya mtandao kwamba namba haipatikani. Kila mara niliandika tarehe, nikaandika saa, nikaandika "hapatikani", kisha nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yangu. Kliniki yetu ya masikio ina mtaalamu mmoja, Daktari Timotheo, anayekuja Tanga Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine yuko Moshi. Mimi ni msaidizi wake. Napokea watu, natafuta mafaili, nasafisha mashine za kusikia, naweka betri, nawafundisha wazee kuzivaa na kuzivua bila kuziangusha. Vile vimrija laini vinavyopeleka sauti tunduni mwa sikio navibadili pia, lakini mbele ya macho yake tu.

"Ukishika hayo yote," aliniambia siku ya kwanza, "mimi naweza kupima watu kumi na wanane badala ya tisa."

Niliipenda hesabu hiyo. Nilikuwa nimetoka chuoni mwezi uliotangulia, na mtu aliyeniambia kuwa mikono yangu ina thamani ya watu tisa kwa siku alikuwa amenipa kitu cha kuamkia.

Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi nasema kwa sauti ya juu, uso kwa uso, neno moja moja, ili watu wanielewe. Nikitoka hapo natembea hadi chumbani kwangu Ngamiani, na huko sina mtu wa kusema naye kwa sauti yoyote. Kwetu ni Wete, Pemba. Mama akinipigia huuliza kama nimeshapata rafiki. Namwambia wapo wengi. Mwenye nyumba bado ananiita "wa chumba cha nyuma".

Bi Hasina nilimkumbuka vizuri. Alikuja kutoka Tongoni na mumewe, Mzee Masoud, mkulima wa minazi na mihogo, mtu wa maneno mengi. Miaka ishirini mama huyu alikuwa akimsoma mumewe midomo. Nilimvalisha mimi, daktari akiwa pembeni: mashine mbili za rangi ya fedha, moja nyuma ya kila sikio. Mzee Masoud akamwita jina lake, taratibu, akiwa amesimama mgongoni pake. Bi Hasina akageuka. Nilijifanya natafuta kitu mezani.

Wiki moja baadaye mzee alinipigia kunishitakia.

"Mwambie daktari wako mke wangu sasa ananisikia hata nikikoroma! Miaka ishirini nimekoroma kwa raha zangu, leo naamshwa kwa kiwiko."

Baada ya hapo, kimya. Siku ya marudio ya kwanza hawakuja. Ya pili hawakuja. Ya tatu hawakuja.

Mashine zetu ni za msaada. Zikiletwa ishirini, wanaozisubiri ni mia. Kwa hiyo tuna kanuni: mwenye kukosa marudio matatu bila taarifa, mashine zake zinachukuliwa na kupewa anayefuata. Anayefuata alikuwa Mwalimu Benedikta, anayefundisha darasa la nne. Jumanne ile alikuja kuulizia kwa mara ya nane.

"Watoto wameshanijua," alisema. "Wakitaka kunisema wanainamisha vichwa. Naona mabega yanacheka, sijui wanacheka nini."

Daktari Timotheo alimsindikiza mwalimu mpaka mlangoni. Kisha akanipa fomu ya kurejesha vifaa.

"Suhaila, kesho nenda Tongoni. Akisaini, njoo nazo. Mashine haiwezi kukaa kabatini kwa mtu ilhali mwalimu anachekwa."

Sikuona kosa katika maneno yake, wala leo silioni.

Jumatano nilichukua bodaboda ya Luqmani, kijana anayepaki karibu na kliniki, nikaweka mkobani betri, vimrija vipya, kitambaa na fomu. Nyumba tuliipata kwa kuuliza. Mlango ulikuwa umerudishwa, pazia jeupe limeshushwa.

"Hodi wenyewe!"

"Nani?" Sauti ya mwanamke mtu mzima. "Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke. Naitwa Suhaila, natoka kliniki ya masikio, mjini."

"Na huyo wa pikipiki?"

"Ni dereva, Bibi. Ndiye aliyenileta."

"Akae huko huko barabarani. Humu mna kizuka."

"Nikae juani?" Luqmani akalalamika.

"Umevaa kofia la chuma, jua litakupitia wapi?" sauti ikamjibu. "Ingia weye binti."

Lakini miguu yangu ilikuwa imesimama. Kizuka ni mjane aliye edani. Miezi minne na siku kumi hujifungia, haonani na wanaume wasio maharimu wake, havai rangi wala pambo. Hata Pemba ni hivyo hivyo; bibi yangu nilimpelekea chai chumbani siku zote za eda yake. Mzee Masoud alikuwa amekufa. Mara tisa nilikuwa nimempigia marehemu, na mara tisa nikamwandika hapatikani.

Aliyenifungulia alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa.

"Shikamoo, Bibi. Poleni sana kwa msiba. Hatukuwa na habari."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Mngepataje habari? Simu ya marehemu i kabatini, haina chaji wala haina mwenyewe. Mie Kijakazi, dada yake. Nakaa Moa. Nimekuja na maiti, nikabaki kumtazama wifi yangu."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mashine za masikio za Bi Hasina.

"Mashine zipi?"

"Zile ndogo, rangi ya fedha. Za nyuma ya sikio."

"Aa! Zile herini!" Akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na mkufu, bangili tatu, na zile mashine zetu mbili zimeviringishwa katika kitambaa pamoja na vipini vya pua. "Nilizivua mwenyewe siku ya maziko. Kizuka havai pambo, au huko kwenu hamjui? Na hizi zina vijiwe, hebu tazama. Kimoja chekundu, kimoja buluu. Nikasema moyoni, kaka yangu naye, uzee wote huu ndiyo anamnunulia mke johari!"

Nilizigeuza mashine kiganjani, nikamwonyesha.

"Bibi, hivi si vijiwe. Ni alama. Nyekundu ni ya sikio la kulia, buluu la kushoto, mtu asikosee kuvaa. Hili si pambo. Hivi ndivyo anavyosikilizia."

"Anavyosikilizia?"

"Hamkuambiwa?"

"Nani wa kuniambia? Kaka alikuja Moa peke yake, harusini kwa binti wa mjomba, akasema ana habari nzuri ya mkewe, atanieleza tukishakula. Hakuwahi kula." Akalifunika kopo. "Mie namjua Hasina ni kiziwi tangu miaka. Nampigia kelele mpaka jirani ndiye anayeniitikia."

"Na yeye hakukataa ulipozivua?"

"Alikuwa kama gogo, mwanangu. Nimevua mkufu, kimya. Nimevua bangili, kimya. Nimevua hizo, akanitazama mdomo, kisha akatazama ukuta. Na huo ukuta ndio anaoutazama mpaka leo. Nikajua ni huzuni."

"Huzuni ipo. Lakini, Bibi, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Weye umeshakaa eda?"

"Nimekaa. Mwaka wa sita huu."

"Miwani uliivua?"

Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye uzi wa miwani.

"Nivue miwani, nitumbukie kisimani?" alisema kwa ukali. Kisha ukali ukamwishia. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa ukumbini, kopo mapajani. "Siku themanini na mbili," akasema. "Ya Rabi. Nimemfungia siku themanini na mbili."

Sikutaka kumwambia kwamba nami nina siku zangu. Kama ningeuliza mtu mmoja wa Tongoni badala ya kupiga namba ileile mara tisa, ningekuja mapema. Mgonjwa ni kiziwi, nami namtafuta kwa simu.

Bi Hasina alikuwa chumba cha ndani, amekaa mkekani, kitambaa cheupe mwilini, kanga nyeupe kichwani. Aliniona, akanitambua mara moja. Alisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wanavyosema wasiojisikia:

"Umekuja kuzichukua."

Nikaitikia kwa kichwa, maana ndiyo iliyokuwa kweli.

"Chukua. Niliyetaka kumsikia hayupo. Nimemsikia siku kumi na moja. Zinatosha."

Akanyoosha mkono kuomba karatasi. Sikuwa hata nimeitoa. Pengine aliiona ikichungulia mkobani. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, akaomba kalamu, akasaini jina lake kamili kwa herufi za kukatika. Kisha akageukia ukuta.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na mashine na saini, na mjini kulikuwa na mwalimu anayezihitaji kuanzia asubuhi ya kesho. Nilianza kukunja fomu.

Bi Kijakazi alinivuta kiwiko hadi ukumbini.

"Ndiyo unakwenda nazo?"

"Amesaini, Bibi."

"Ngoja." Aliangalia mlangoni pa chumba, halafu akacheka kicheko cha kujicheka. "Naangalia asisikie! Mwanangu, kaka yangu kafia mikononi mwangu. Hakuwapo mtu mwingine, wote walikuwa ngomani. Ana maneno aliyoyaacha, ya huyu peke yake. Nimekuja nayo kutoka Moa, nimeshindwa kumpa. Nyumba ilijaa waliokuja taazia, na walipoondoka wao wakabaki jirani. Midomo aliyozoea kuisoma ni ya mumewe, yangu haielewi; nitayasemaje? Maneno kama yale hayapigiwi kelele."

"Hukumwandikia?"

"Kuandika mie najua jina langu."

"Niambie mimi nimwandikie."

Hakukasirika.

"Hapana, mwanangu. Si yako."

"Samahani, Bibi."

"Na Ijumaa narudi Moa. Binti yangu ana mimba ya miezi tisa, siwezi kungoja eda iishe. Nilishakata tamaa. Nikasema nitakufa nayo."

Nilirudi chumbani. Nilikaa mkekani mbele ya Bi Hasina, nikageuza ile fomu aliyosaini, na nyuma yake nikaandika: *Wifi yako ana maneno ya Mzee Masoud, ya mwisho. Hawezi kuyasema kwa kelele.*

Aliisoma. Nadhani aliisoma mara nyingi, maana macho yake yalikuwa yakirudi mwanzo wa mstari. Nje Luqmani alikuwa anajaribu honi yake bila sababu. Mwishowe Bi Hasina aliweka karatasi chini, akaitoa ncha ya kanga kwenye shavu, akanigeuzia sikio la kulia.

Nikaweka betri mpya. Nikavalisha ya kulia, nikavalisha ya kushoto, nikaziwasha, na zote mbili zikaanza kulia mluzi mwembamba, mkali. Bi Hasina alikunja uso, akaziba masikio. Nikazizima. Vimrija vilikuwa vimekakamaa kwa miezi mitatu ya kopo na hewa ya chumvi, vimepata ufa. Sauti ilikuwa inavuja na kujirudia. Vipya nilikuwa navyo mkobani, lakini kimrija kinakatwa kwa kipimo cha sikio lenyewe. Ukikata kifupi, kinavuta na kuumiza. Ukikata kirefu, mluzi unarudi. Na mimi sikuruhusiwa kukata bila daktari. Yeye hangeweza kuingia chumba kile hata angekuwa amesimama barabarani na Luqmani.

Nikampigia, nikamweleza yote.

"Siku zote tulikuwa tunampigia nani?" akauliza.

"Marehemu."

"Kadi niliijaza mimi," alisema. "Namba moja tu. Sikuuliza ya pili." Nikamsikia anavuta pumzi. "Ana hamu ya kuvaa?"

"Amenigeuzia sikio mwenyewe."

"Umebadili vimrija mara ngapi mbele yangu?"

"Thelathini na moja."

"Nilikusahihisha mara ngapi?"

"Mara nne. Zote za mwanzo."

"Basi kata. Kata kirefu kidogo, jaribu, punguza. Usiwe na haraka. Mwalimu Benedikta nitazungumza naye mimi. Ataumia, na ana haki ya kuumia, lakini mzigo huo si wako."

Nilianza na cha kulia. Nilikata, nikavalisha, mluzi. Nikapunguza kama unene wa ukucha. Mluzi mdogo. Nikapunguza tena. Kimya. Cha kushoto kilikaa kwa mara ya pili. Wakati huo wote Bi Hasina hakutikisika. Nilisikia pumzi yake shingoni kwangu, na nikawaza kwamba tangu nivuke bahari kuja Tanga sijakaa karibu na mtu kiasi hicho.

Nikaziwasha.

Mwanzo hakuonyesha kitu. Kisha akainua macho darini, ambako panya au mjusi alikuwa akikwaruza. Akapitisha kiganja juu ya mkeka, akasikiliza, akapitisha tena. Ukumbini Bi Kijakazi, aliyekuwa akitwanga kitu ili apoteze hofu, alikuwa akisema peke yake:

"Mkaidi huyu! Amesaini bila kuuliza. Kichwa kama punda wa chokaa. Kaka yangu Mungu amrehemu, alivumilia."

"Punda nani?" Bi Hasina akauliza.

Mchi ukasimama.

"Nimeuliza, Kijakazi. Punda nani?"

Bi Kijakazi alitokea mlangoni, mchi mkononi, kinywa wazi. Alianza kupiga kelele kama alivyozoea, "WIFI YA—" na Bi Hasina akainua mikono yote miwili.

"Polepole, mama, utaniua. Themanini na mbili nzima unanipigia makelele, nami nakuona mishipa ya shingo tu."

Walicheka. Walicheka vibaya, wakiegemeana, na kicheko kikageuka katikati, kama ilivyo kawaida yake katika nyumba za msiba. Bi Kijakazi aliweka mchi chini. Akakaa mkekani, goti kwa goti na wifi yake, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Alisema nini?" Bi Hasina aliuliza. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka, imepata kipimo chake. Mimi sikuwahi kuisikia hivyo.

Bi Kijakazi alinitazama. Hakuhitaji kunitamkia. Nikachukua mkoba wangu na fomu, nikatoka, nikashusha pazia nyuma yangu.

Nilikaa ukumbini, kando ya kinu. Pazia ni kitu chepesi, na mimi masikio yangu ni mazima. Nilihamia mlango wa nje ili nisishike neno hata moja. Hata hivyo nilisikia kwamba kuna sauti. Ilikuwa ndogo, ya chini, inakwenda na kupumzika, kama ya mtu anayepima mchele kwa kikombe. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa maneno ya mtu anayekufa. Halafu ikaja ya pili, nayo ndogo, ikiuliza. Halafu ya kwanza tena.

Luqmani aliniona kutoka barabarani akainua mikono: vipi? Nikamwonyesha kiganja, asubiri.

Nilifurahi. Nataka kulisema hilo kwanza. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuipata hata siku ya kupokea cheti. Lakini nikiwa pale mlangoni niliwaza pia ni nani angekuja na maneno yangu, na angeyapeleka kwa nani, kwa sauti ndogo kama ile. Nilipekua kichwani watu niliokutana nao Tanga tangu nifike. Niliwajua masikio yao yote.

Muda ukapita. Kisha Bi Hasina akaita.

"Binti! Bado upo?"

"Nipo, Bibi." Sikupaza sauti.

"Hiyo karatasi niliyosaini, ichane."

"Haichanwi, Bibi. Ni mali ya kliniki. Inabidi niirudishe."

"Basi andika nimekataa."

"Niandike sababu gani?"

Nikasikia wakishauriana. Bi Kijakazi akasema kitu, Bi Hasina akamzima.

"Andika kuna mtu nataka kumsikiliza mpaka Ijumaa. Na baada ya Ijumaa nitabaki peke yangu na panya wa darini, kwa hiyo uje Jumatano. Jumatano zote mpaka nitoke eda. Sitaki uje kwa kazi tu, uje ukae. Una wakati?"

Daktari alikuwa hajaniruhusu. Pengine angekataa, kutoka mjini hadi Tongoni ni mafuta na ni nusu siku ya kazi.

"Nina wakati, Bibi."

"Kwenu wapi, weye?"

"Wete."

"Una watu hapa mjini?"

Nilitaka kumjibu kama ninavyomjibu mama. Nikaandika kwanza, nikiwa nimeegemeza fomu gotini: *Amekataa kurejesha. Anavaa.* Nikaweka tarehe na saa.

"Sina," nikasema.

"Haya," ikaja sauti kutoka nyuma ya pazia. "Mwambie huyo wa pikipiki azime honi yake, halafu rudi ndani ule."